Yule kijana wa miwani

Jana usiku nilirudia kutazama mechi ya tenisi ya Chung Hyeon na bingwa Novak Djokovic, Australian Open 2018. Jamani! Mwaka ule niliiona mubashara nikiwa upande wa Djokovic, na kufika seti ya tatu nilikuwa nimeshahama kambi kimyakimya. Chung akashinda 7-6, 7-5, 7-6. Kijana wa miaka 21 kutoka Suwon, Korea Kusini, miwani usoni, anakimbilia mipira ambayo wengine wangeiacha ipite.

Kumbe ile miwani ina historia. Utotoni macho yalimsumbua, daktari akashauri awe anatazama rangi ya kijani, na viwanja vya tenisi vilikuwa vya kijani. Baba yake naye kocha wa tenisi, basi.

Alishamtoa Mjerumani Alexander Zverev kabla ya hapo, na miezi michache nyuma alibeba kombe la vijana la ATP, chama cha wachezaji tenisi wa kiume wa kulipwa, kule Milan. Akawa Mkorea wa kwanza kufika nusu fainali ya Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi. Huko akakutana na Roger Federer, bingwa wa Uswisi, na malengelenge ya mguuni yakamtoa akiwa nyuma 6-1, 5-2. Kuna waliomcheka. Mimi nilisononeka kweli.

Aprili mwaka huohuo alifika namba 19 duniani. Kisha mgongo ukaanza visa vyake, akakaa nje karibu miaka miwili, akarudi Seoul 2022 akicheza wawili wawili na Kwon Soon-woo. Sasa anahangaika kwenye mashindano madogo, na bado namfuatilia. Kuna mwingine hapa anayemkumbuka?