Visiki kwanza, miche baadaye

Anayetaka kujua kama uoto wa asili utarudi kandokando ya kijito ndani ya shamba la miti asikimbilie kitalu. Aangalie visiki. Kisiki cha mkaratusi huchipua wiki chache tu baada ya kukatwa, na machipukizi yake huwahi kuufunika mche wowote wa asili uliopandwa jirani.

Kabla ya msumeno, hata hivyo, kuna mpaka wa ukanda utakaorudishiwa uoto. Wengi hupima kwa kamba kutoka ukingo wa maji, ilhali unyevu haufuati mstari ulionyooka. Mimi naamini keekee ya udongo: toboa kila mita 5 ukipanda mteremko, kina cha sentimita 50. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu maana yake maji hutuama hapo sehemu ya mwaka. Madoa yanapokoma ndipo ardhi chepechepe inapoishia, na upana wa ukanda wa hifadhi uhesabiwe kuanzia hapo.

Wakati wa kuvuna, miti iangushwe kuelekea mlimani, magogo yavutwe kwa waya, trekta libaki nje ya ukanda. Matawi yasichomwe kwa malundo. Moto huo huua mbegu za asili zilizomo udongoni, na palipokuwa na miwati (miti ya kigeni inayopandwa kwa ajili ya gome lake) ndio kwanza huziamsha mbegu zake, ambazo hukaa ardhini miongo kadhaa zikingoja joto. Yalaze yakingame mteremko, yazuie udongo.

Sasa visiki. Kata chini, sentimita 10 hivi. Mwati unaweza kuubandua gome mpaka chini ya usawa wa udongo ukafa bila dawa. Mkaratusi ni mkaidi zaidi: paka dawa kwa brashi mara tu baada ya kukata, hasa kwenye pete nyembamba iliyo chini ya gome, kwani katikati ya kisiki ni mbao iliyokufa. Ukisubiri hadi kesho, uso umekauka na dawa hainyonywi. Tumia tu iliyoruhusiwa karibu na maji, na usiichanganye na dizeli.

Kosa la kawaida katika kupanda ni kuanza na miti. Mwati huacha udongo wenye naitrojeni nyingi, na ukiingiwa na jua ghafla magugu hujaa. Anza na ndago na nyasi za hapohapo: pasua vishina, panda kila sentimita 30 hadi 50 kwenye ukingo. Kisha vipande vya matawi ya mkuyu, urefu wa mita moja, theluthi mbili zikiwa ardhini, macho yakitazama juu (ukikigeuza, kipande huoza). Miche ifuate kwa vikundi, mita 2 au 3 kati ya mmoja na mwingine. Mistari iachiwe misindano (misonobari) ya shamba. Mbegu za mzambarau-mwitu hazivumilii kukaushwa: toa nyama ya tunda, sia mbichi.

Palizi ndiyo hula bajeti. Miwati michanga ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa umelowa, kabla haijafika magotini, kila miezi 6 kwa miaka ya mwanzo. Na ramani ya shamba irekebishwe mapema, vigingi vikisimikwa mpakani, kwani kikosi cha kupanda tena hufuata ramani kinayopewa, na ya zamani itairudisha misindano hadi ukingoni.