Siku moja maishani mwangu: programu ikigoma kuwaka

Saa 2:00 asubuhi. Ofisini Mbezi, si mbali na Stendi ya Magufuli. Natunza seva za mfumo wa tiketi za mabasi. Saa hizi hatugusi kitu, mawakala wako dirishani. Napitia logi (kumbukumbu za mfumo), nakunywa chai.

Saa 5:10. Foleni imepungua, mwenzangu anapandisha toleo jipya. Linahitaji ufunguo mpya wa malipo, ambao Django, mfumo tuliojengea programu yetu, huusoma kwenye vigezo vya mazingira (mipangilio inayowekwa kwenye seva, nje ya programu) pindi inapoanza. Kwenye seva ya majaribio ufunguo upo. Kwenye seva yenyewe haupo.

Saa 5:12. Simu ya wakala, mama mmoja wa stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku pameandika Kizungu tu, 502 sijui nini. Abiria kasimama hapa na hela mkononi, nimwambie nini?"

Saa 5:15. 502 maana yake seva ya mbele haipati jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake. Nafungua `journalctl`, amri ya kusoma logi. KeyError (ufunguo haukupatikana), jina la ufunguo, kisha "Worker failed to boot" (mfanyakazi kashindwa kuwaka) kutoka Gunicorn, inayoendesha Django. systemd, msimamizi wa huduma za seva, imejaribu kuiwasha upya mpaka ikanyoosha mikono. Isipoambiwa vingine, kikomo chake ni mara 5 ndani ya sekunde 10. Mwenzangu anashauri tuwashe DEBUG, hali ya Django ya kuonyesha makosa kwa kina, tuone kosa. Haitasaidia: ukurasa wa DEBUG huchorwa na Django, na Django haijaamka. Na hata ingeamka, nani anataka kuwaanikia abiria mpangilio wa seva? Kosa tayari liko kwenye logi, ndipo mahali pake. Tunaweka ufunguo, naiwasha kwa mkono, tiketi zinatoka.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Swali la yule mama bado linanikera, maana ukurasa mzuri wa kosa tunao, wenye rangi za kampuni. Ila uko ndani ya Django. Mwenye duka aliyelala hawezi kukuambia kwamba amelala, atakwambia jirani. Jirani yetu ni Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi kabla ya Django. Amekaa mbele, na tulikuwa hatujampa la kusema.

Saa 8:00. Naandika faili moja la HTML (ukurasa wa wavuti), mitindo yake ndani humo humo, bila picha wala fonti inayotegemea programu. Maneno machache: mfumo umesimama kwa muda, usilipe mara ya pili, jaribu tena baada ya dakika 2. Bosi anaomba tuweke na tangazo la ofa. Nakataa kwa adabu.

Kisha kwenye Nginx:

`error_page 502 504 =503 /tumesimama.html;`

Yaani ikitokea 502, au 504 (programu imechelewa kujibu), toa ukurasa wangu kwa namba 503. Ile `=503` naithamini kuliko ukurasa wenyewe. Wapo wanaorudisha 200, yaani "imefaulu", ili mambo yaonekane shwari. Basi mtandao wa simu ukileta uthibitisho wa malipo wakati huo, utapokea 200 na kuamini ujumbe umefika, kumbe hakuna aliyeupokea. Abiria kalipa, tiketi hana. 503 inasema ukweli: nipo, ila siwezi kukuhudumia sasa. Naongeza kichwa cha `Retry-After` (jaribu tena baada ya) chenye sekunde 120, na neno `always` mwishoni, kwani bila hilo `add_header`, amri ya kuongeza kichwa, haifanyi kazi kwenye majibu ya makosa.

Saa 9:30. Nimebakiza mashine za mkononi za mawakala. Zenyewe hazisomi HTML, zinangoja JSON, data iliyopangwa kwa ajili ya programu. Zikipewa ukurasa wa kawaida zinalalamika kuhusu alama ya `<` na wakala haambulii kitu. Kwa njia zote za `/api/`, zinazotumiwa na mashine hizo, naweka jibu lake la JSON, kwa ujumbe ule ule wa Kiswahili na kwa 503 ile ile.

Saa 10:40. Kwenye seva ya majaribio naondoa ufunguo makusudi na kuacha Gunicorn ife. Simu yangu inaonyesha ukurasa, mashine inaonyesha ujumbe, `curl -i`, amri ya kutazama jibu la seva, inaonyesha 503. Mwenzangu naye kaandika hati ya amri inayokagua funguo zote kabla toleo la zamani halijazimwa. Hiyo ndiyo kinga hasa. Ukurasa wangu ni wa siku ambayo kinga imepenywa.

Saa 11:15 jioni. Kupeleka kwenye seva yenyewe. Kwanza `nginx -t` kukagua mipangilio, ndipo `reload` kuipakia upya. Nginx nayo ikigoma kuwaka, hakuna mwingine mbele yake wa kumjibu abiria.