Maembe kwenye Kiti cha Nyuma: Kabarnet hadi Iten kwa Impreza

Mjomba alilizunguka gari mara mbili, akainama akachungulia chini ya bampa, kisha akajinyoosha. "Hili haliwezi kubeba gunia," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu Kabarnet.

Nilikuwa nimetoka Nairobi alfajiri. Mpaka Nakuru sina la kusimulia: malori, malori tena, na watu wanaopita wenzao kwenye kona kana kwamba wana roho ya akiba nyumbani. Pale gari la kasi halikusaidii kitu. Unakaa nyuma ya trela la mafuta unasubiri zamu yako kama mwenye pikipiki. Utamu ulianza baada ya bango la ikweta la Mogotio, barabara ilipofunguka na joto likaanza kuingia. Marigat nilisimama kununua asali na kupima oili. Injini ya Subaru ya umri huu hunywa oili kimyakimya, na asiyefungua boneti mara kwa mara huja kulia kwa makanika.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya 1999, rangi ya bluu, niliyoiwekea akiba miaka minne huku mama akiniuliza kiwanja nitanunua lini. Kwenye karatasi lina nguvu za farasi 280. Namba hiyo ina kisa chake: watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na mapatano yakadumu hadi 2004, kwa hiyo magari makali ya kampuni mbalimbali yakawa yanatoka na 280 ileile. Kila mtu akicheka chinichini. Injini ni boksa, pistoni nne zimelala ubavu, mbili upande huu na mbili upande ule, zinarushiana ngumi. Mabomba yanayotoa moshi pande hizo mbili hayalingani urefu, ndiyo sababu ya ule muungurumo wa kukwamakwama, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kutamka neno zito. Watoto wa jirani walitoka kutazama kabla sijafika langoni.

Mjomba alikuwa anakwenda Iten kumwona binti yake aliyejifungua. Ni kilomita hamsini na kitu tu, lakini hamsini za namna yake. Barabara inateremka Milima ya Tugen mpaka Bonde la Kerio, inavuka mto pale Chebloch, halafu inapanda ukingo wa Elgeyo zaidi ya mita elfu moja kwenda juu. Lami, kona juu ya kona, mwamba mkono huu na genge mkono ule. Nilikuwa nimeiota wiki nzima.

Chebloch tulisimama kuwatazama vijana wanaojirusha majini kutoka juu ya korongo. Mimi nilitazama vijana, Mjomba alitazama maembe. Alirudi na gunia. Buti lilikuwa limejaa, basi gunia likaketi kiti cha nyuma, tukalifunga mkanda kama abiria.

Kupanda kukaanza. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa zaidi ndani ya injini. Milimani hewa ni nyepesi, na gari lisilo na turbo hulegea kadiri linavyopanda. Hili langu halikuonyesha dalili ya kuchoka. Kabla ya injini kufika mizunguko 3,000 kwa dakika limesinzia. Likikaribia 4,000 unasikia mluzi, kisha mgongo wako unakutana na kiti. Nilikanyaga. Kona ya kwanza kali niliiingia kwa mbwembwe, breki nikizishika nimechelewa, usukani nikiukata kwa nguvu. Magurudumu yote manne yaling'ang'ania lami. Maembe hayakung'ang'ania. Kamba ya gunia ilifunguka, nikayasikia yakigonga mlango, moja likapita chini ya kiti cha Mjomba.

Hakupandisha sauti. "Mpwa, unamjua Patrick Njiru?"

Nikamwambia ninayemjua zaidi ni Colin McRae, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza.

"Huyo McRae wako mwaka 1993 alikuja na Subaru Vivio, kigari cha injini ndogo kuliko ya pikipiki kubwa. Njiru alikuwa na Vivio kama hiyohiyo. McRae hakumaliza. Njiru alimaliza wa kumi na mbili, akashinda daraja lake." Akageuka kulifunga gunia. "Sasa endesha, lakini nisisikie embe."

Ndipo nilipolijua gari langu, baada ya miezi minane ya kulimiliki. Nikawa nashika breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, naachia polepole, naingia kona na gia ya pili tayari mkononi, nageuza usukani kama namimina chai kwenye kikombe kilichojaa. Katikati ya kona natulia. Barabara ikianza kunyooka ndiyo naongeza mafuta, na turbo inaamka wakati huohuo ninapoihitaji. Tulikuwa kwenye kilomita sitini kwa saa, pengine chini ya hapo. Kwenye barabara kuu mwendo huo ungenitia usingizi. Hapa mikono ilikuwa inatoka jasho na nilikuwa nacheka peke yangu. Nyuma, kimya. Mjomba alikuwa amekiachia kile kishikio cha juu ya mlango, mkono umelala pajani.

Mbuzi walitusimamisha mara mbili. Tuta moja lisilo na rangi lilikwaruza tumbo la gari, sauti iliyoniuma mpaka kwenye meno, na Mjomba akaguna kwa niaba yangu. Tambach tuliipita taratibu. Karibu na Iten hewa iligeuka baridi, na wakimbiaji wakaanza kujitokeza pembeni mwa lami, wawili wawili, wembamba, wakipanda mlima bila kuhema. Nikashusha mwendo zaidi, huku wakitutazama sisi tunaohitaji injini.

Kwa binti yake sikuzima gari papo hapo. Turbo hutoka safari kama ile imewaka moto, nami huiacha injini ingurume dakika nzima ili oili iipoze. Mjomba hakushuka. Aliinama akapapasa chini ya viti, akayatoa maembe moja moja, akiyapanga mapajani na kuyahesabu.

"Saba," akasema. "Yote ni ya ile kona ya kwanza."