Bahati, eti

Tangu Jumanne neno moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Dada amejifungua salama, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, alhamdulillahi. Na mkataba wangu wa kutunza barafu hapa kilabuni Winnipeg, Kanada, umeongezwa mpaka msimu ujao. Hayo nitayaandika siku yake. Leo nina la Shemeji.

Usiku ule alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, huko Tanga, anangoja, usingizi hana. Nikamtumia kipande cha video apitishie muda: jiwe la mwisho la Jennifer Jones, nahodha wa kalingi, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu yakae karibu na kitovu cha duara, St. John's, Kanada, Februari 2005. Alama mbili za buluu zikatokea. Kisha ikaja sauti yake, sekunde nne.

"Shemeji, bahati tu hiyo."

Nikamuuliza bahati vipi.

"Si amepiga jiwe la pembeni, likamrusha katikati? Bahati."

Basi. Baada ya hapo akaitwa na nesi na mambo mengine yote yakafuata. Lakini mimi nimebaki na ile sauti. Nimeisikiliza tena Jumatano kabla ya kazi, nikaisikiliza Ijumaa ndani ya basi. Angesema mtu mwingine nisingejali. Shemeji ni mtu wa keram! Kila jioni yuko barazani, ubao umepakwa poda, anapiga kete igonge ukingo irudi iingize nyingine. Mtu wa namna hiyo ndiye aniambie bahati?

Hali ilikuwa hivi. Fainali ya Scotties, ubingwa wa wanawake wa Kanada. Jones na wenzake wa jimbo la Manitoba wako nyuma 6–4 mbele ya jimbo la Ontario, timu ya Jenn Hanna, duru ya 10, ya mwisho. Kila timu hutupa mawe manane katika duru moja, na lililobaki ni moja tu, la Jones. Jiwe la Ontario limekaa kitovuni, nusu yake imefichwa na jiwe la mbele. Ukilifuata moja kwa moja hulipati vizuri. Nje ya duara, pembeni, kuna jiwe jingine la Ontario ambalo halina hesabu, maana lililo nje ya duara halihesabiwi. Wengi wetu tungelitazama kama kopo tupu lililoachwa njiani. Jones aliliona ukuta wa kugongea. Akalipiga, jiwe lake likakata kuingia ndani, likaling'oa lile la kitovuni, na Manitoba wakahesabiwa pointi nne. 8–6.

Sasa nimwambie Shemeji nilichopaswa kumwambia Jumanne.

Mawe ya kalingi yana uzito unaokaribiana, kati ya kilo 17 na 20, na mengi ya mashindano makubwa hutoka kisiwa cha Ailsa Craig, Scotland. Mawe mawili ya uzito sawa yakigongana, moja likiwa limesimama, na yasikutane katikati kwa katikati, yanaachana kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Kwenye keram haiko hivyo. Kete ya kupigia ni nzito kuliko zile nyingine, ndiyo maana ikishagonga inaendelea mbele, inapinda kidogo tu. Jumamosi usiku, nikiwa napiga mswaki, ndipo liliponijia hili: jicho la Shemeji limefundishwa na kete nzito. Aliona jiwe likipinda kwa pembe ambayo ubao wake haujawahi kumwonyesha, akaiita bahati. Nilipolielewa hilo hasira ilipungua. Haikuisha.

Kwa sababu hesabu yenyewe haina huruma. Jiwe lina upana wa karibu sentimita 29. Tuseme unalenga kugonga nusu, yaani ukingo wa jiwe lako uelekee katikati ya lile lililosimama. Ukikosea sentimita moja pale pa kugongana, pembe ya kuondokea inabadilika kwa nyuzi mbili na kidogo. Kama jiwe unalolitaka liko mita tatu mbele, kosa lako limeshakuwa sentimita 12. Bado unaligonga, ila vibaya. Ukikosea sentimita mbili na nusu, upana ambao hata vidole viwili haufiki, unalipita bila kuligusa. Na hiyo ni baada ya jiwe kusafiri mita 28 hivi tangu mstari ambao lazima uwe umeshaliachia, nalo lilikuwa haliendi kwa mstari mnyoofu. Ukitupa kwa mkono wa kulia na mzunguko wa ndani, yaani mwendo wa saa, jiwe hupinda kuelekea kulia. Kwa hiyo hulengi jiwe. Unalenga mahali patupu, halafu unaamini barafu italileta.

Na barafu si kioo. Hili ni la kwangu, nalijua kwa mgongo. Tunabeba tangi la maji yaliyochujwa, tunatembea kinyumenyume tukipunga bomba lenye kichwa cha matundu madogo, kushoto, kulia, bila kusimama, kwa sababu ukisimama nusu sekunde unaacha kilima. Matone yanaganda, yanakuwa vipele. Kisha tunapitisha kisu kukata vichwa vyake ili vilingane. Jiwe linasafiri juu ya vipele hivyo, nalo haligusi barafu kwa tumbo zima bali kwa pete nyembamba iliyo chini yake, ya upana wa milimita chache. Kadiri mchezo unavyoendelea vipele vinalika, na vinalika zaidi mahali panapopitiwa zaidi. Duru ya 10 si barafu ya duru ya kwanza. Njia ya katikati ina mwendo wake, ya pembeni ina wake, na anayetupa jiwe la mwisho lazima awe ameziweka zote kichwani tangu mwanzo. Watazamaji nao wanapumua, unyevu unapanda, ukungu unaganda juu ya vipele na jiwe linakuwa zito. Na ukitaka kuona ubaya wa kitu kidogo, unywele mmoja uliotoka kwenye ufagio wa wachezaji wanaosugua barafu mbele ya jiwe ukinaswa chini yake, jiwe linakatiza pembeni kama limesukumwa. Nimeokota unywele kama huo kwa kucha, mweusi, mfupi kuliko kope. Mechi ilikuwa imeshapotea.

Wafagiaji kazi yao ni hapo. Wakisugua wanapasha barafu joto kidogo sana, jiwe linakwenda mbali zaidi na linapinda kidogo zaidi ya ambavyo lingepinda likiachwa. Nimeandika vibaya: linapinda *pungufu*. Kwa jiwe la kugonga, sekunde moja ya kusugua mapema inatosha kuhamisha zile sentimita.

Yote haya nilishayapanga vizuri kichwani, nimrekodie Shemeji sauti ndefu, dakika tano, asikilize akiwa na mwanawe kifuani. Ndipo Shangazi akaingia kwenye kundi la familia. Naye alikuwa ameitazama video. Aliandika:

"Na yule anayesimama mbele ameshika ufagio, anayemwonyesha mwenzake pa kulenga, ni nani?"

Nahodha akitupa, mchezaji wa tatu ndiye anayesimama kwenye duara na kuweka ufagio pale jiwe linapopaswa kuelekea. Nikaandika: Cathy Overton-Clapham.

"Bado wanacheza pamoja?"

Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Walishinda Kanada pamoja 2005, kisha 2008, 2009 na 2010. Ubingwa wa dunia wa 2008, Vernon, pamoja. Desemba 2009 walikwenda Edmonton kutafuta nafasi ya Olimpiki wakaikosa, na hata hivyo miezi miwili baadaye walikuwa mabingwa wa Kanada kwa mara ya tatu mfululizo. Baada ya ubingwa huo, mwaka huohuo wa 2010, timu ikamwacha. Nafasi yake ikachukuliwa na Kaitlyn Lawes, mdogo sana kwake kwa umri. Mwaka uliofuata, Charlottetown, Overton-Clapham alifika na timu yake mwenyewe akiiwakilisha Manitoba, akakutana na wenzake wa zamani, akawafunga.

Na uamuzi ule ulizaa. Sochi 2014, Jones, Lawes, Jill Officer na Dawn McEwen walicheza mechi 11 wakashinda 11, fainali wakiifunga Sweden 6–3. Hakukuwa na timu ya wanawake iliyomaliza Olimpiki bila kufungwa kabla yao. Kabla ya hapo, 2012, Jones alifanyiwa upasuaji wa goti na Novemba akajifungua, na Februari 2013 alikuwa ameshafika fainali ya Kanada tena, akafungwa na Rachel Homan. Ubingwa wa Kanada ukaja tena 2015 na 2018, sita jumla, na wa dunia North Bay 2018. Beijing 2022 hawakufika nusu fainali. Scotties yake ya mwisho ilikuwa Calgary 2024, na wasichana wadogo aliojiunga nao, fainali, akafungwa na Homan yuleyule. Mtu wa bahati hafiki fainali akiwa na miaka 30 na akiwa na 49.

Lakini Shangazi hakuniuliza hayo. Aliniuliza kama bado wanacheza pamoja. Mimi kwa miaka yote nimeitazama ile video nikiangalia mkono unaoachia jiwe, na sijawahi kuangalia ufagio ulio upande wa pili, ulio mahali patupu, ambao bila huo mkono hauna pa kuelekea. Nayaheshimu matunda ya uamuzi ule, na bado siupendi. Sijui kama ningeweza kumtoa mtu aliyenishikia ufagio siku ile.

Nikamjibu, "Hapana Shangazi, walimwacha 2010, baada ya kushinda."

"Baada ya kushinda?"

"Ndiyo."

"Ahaa. Mtoto ameamka, ngoja nimchukue, Dada yako apumzike."

Sauti ya dakika tano sijaituma. Nimeirekodi mara mbili, na mara zote mbili nikifika kwenye ufagio nasita. Pengine nitamtumia Shemeji kipande cha nyuzi 90 peke yake, hicho atakielewa, na najua atakwenda kukijaribu ubaoni kwa kete mbili zinazolingana.

Ila kama Shangazi yuko kwa Dada tangu Jumatano, na Shemeji naye hatoki pale, aliyempeleka Mama kupima presha Alhamisi ni nani? Aliniambia dawa zimebaki za siku nne. Nimempigia leo asubuhi na sasa hivi tena. Simu inaita mpaka inakata.