Ijumaa ya Ndaa

Kosa langu la kwanza siku ile lilikuwa kukataa mahamri. Yaliletwa saa moja na nusu ya asubuhi, yamefura na yananukia iliki, pamoja na bakuli la mbaazi za nazi na birika la chai ya maziwa, nami nikaeleza kwa adabu yote niliyolelewa nayo kwetu Mwanza kwamba ningekunywa chai tu, kwa kuwa nilikusudia kula hotelini kutwa nzima na nilitaka tumbo liwe na nafasi. Khalati aliyatazama mahamri, akanitazama mimi, kisha akayafunika kwa kawa.

"Haya, mwanangu," alisema. "Leo utakula kwa mato." Yaani kwa macho.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Februari 2016. Nilikuwa nimeingia Mombasa jioni ya jana yake kwa basi la kutoka Tanga, kupitia Horohoro na Lungalunga, nikavuka kivuko cha Likoni miongoni mwa mamia ya watu wa miguu, ambao pale hawatozwi nauli. Khalati hakuwa khalati yangu kwa damu. Alikuwa dada wa mama yake rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye alimwita hivyo kama ilivyo desturi ya Waswahili wa Mombasa, nami nikafuata. Nyumba yake ilikuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, yenye roshani ya mbao iliyoning'inia juu ya kichochoro chembamba kiasi kwamba jirani wa ng'ambo angeweza kukupokeza chumvi bila ya kushuka ngazi.

Mfukoni nilikuwa na daftari lenye orodha ya hoteli saba, niliyoandikiwa na mwalimu mwenzangu aliyewahi kuishi Mombasa. Kwa kila hoteli alikuwa ameandika chakula cha kuagiza: hapa biriani, pale samaki wa kupaka, kwingine mishkaki na mkate wa mofa. Hakuandika saa. Mimi nami sikufikiri kuuliza, kwa sababu katika miji niliyoizoea hoteli hufunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, na anayetaka kula huingia akala.

Asubuhi nilianza na Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso yamepangana pande zote mbili, na wauzaji huzikunjua mbele yako kwa mkupuo mmoja ili usome maandishi kabla hujatazama rangi. Kwetu tunaziita khanga. Neno leso ni la Wareno, jina lao la kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha vikawa nguo moja. Kutoka hapo nikaenda Marikiti, nikasimama kwenye meza ya muuza viungo aliyekuwa akimpimia mama mmoja bizari ya pilau: bizari nyembamba kwa wingi, mdalasini uliovunjwavunjwa, iliki, karafuu chache, pilipili manga, kila kimoja kwa kiganja, bila mizani, na yule mama akiusimamia mkono wake kwa macho kama mtu anayehesabiwa fedha. Tumbo langu liliamka pale. Nililituliza kwa kuliahidi biriani.

Kabla ya adhuhuri nilipita Barabara ya Langoni, kwenye hekalu la Wajaini lililojengwa mwaka 1963, jeupe kama sukari katikati ya majengo yaliyopauka kwa chumvi ya bahari. Mlangoni niliambiwa nivue viatu, na mkanda wangu pia kwa kuwa ulikuwa wa ngozi. Mzee aliyekuwa akilinda mlango, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kuliko changu, alinieleza kwamba Mjaini mshika dini hali nyama wala samaki, na hali hata kiazi, kitunguu au karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi humo. Alisema hivyo bila majigambo, huku mtaani nyuma yake mtu akipita na mkokoteni uliojaa magunia ya viazi. Nilikaa muda mrefu kwenye sakafu ya marumaru iliyokuwa baridi. Nakiri kwamba sehemu ya muda huo sikuwa nikitafakari dini ya mtu yeyote. Nilikuwa nikifikiria kitunguu kinavyokaangwa.

Nilipotoka, adhana ilikuwa imeanza.

Sijapata kusikia adhana kama ile ya Mji wa Kale siku ya Ijumaa, kwa sababu haitoki mahali pamoja: msikiti mmoja hutangulia, mwingine hupokea kabla haujamaliza, wa tatu hujibu kutoka upande wa bandari, hadi vichochoro vyote vikawa na sauti. Na kadiri sauti zilivyoongezeka ndivyo milango ilivyofungwa. Wanaume waliovaa kanzu walitoka majumbani wakiwa bado na maji ya udhu mikononi. Hoteli ya kwanza katika orodha yangu ilikuwa imeshusha mlango wa chuma. Ya pili ilikuwa wazi nusu, na kijana aliyekuwa akiinua viti juu ya meza aliponiona nimesimama kizingitini aliniambia kwa upole, "Ndoo saa nane, dada."

Nikatazama huku na huku nikitafuta ndoo. Niliona moja, ya plastiki, yenye maji ya kupigia deki, na nikajaribu kwa dhati kuelewa inahusianaje na saa nane. Ilinichukua hatua kama ishirini kuteremka mtaa ndipo nikasimama na kujipiga paji la uso. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tano lahaja za pwani kwa miaka kadhaa, nimewatungia mtihani unaowataka waeleze kwa nini Kimvita, lahaja ya Mombasa, huwa na "nd" mahali ambapo Kiunguja kina "nj", na nimewasimulia jinsi mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, ulivyokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita nyumbani kwake. Nilikuwa nimesimama katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Kumbe kijana wa watu alikuwa akiniambia njoo.

Kwa kuwa hapakuwa na pa kula, nilikwenda Ngomeni, mahali pekee palipokuwa wazi, nikakata tiketi, nikaingia katika Ngome ya Yesu nikiwa na njaa ya kweli.

Ngome ile huelezwa kwa sifa za kawaida: ilianzwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Yote hayo yamebandikwa ukutani. Lakini mtu mwenye njaa husoma jumba la makumbusho kwa jicho jingine. Nilisimama mbele ya maelezo ya mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kisa kile, ambacho vitabu hukisimulia kwa mizinga na manahodha, kilikuwa hasa kisa cha chakula. Waliokuwa ndani, Wareno na Waswahili waliokimbilia kwao, walimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Merikebu Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia, na vyombo vilivyotolewa ndani yake na wapiga mbizi sasa vimepangwa kabatini. Niliitazama mitungi ile, nikajiuliza ilibeba nini, nani aliingoja ukutani, na aliiona ikizama akiwa ameshinda na nini tumboni. Mimi nilikuwa sijala tangu usiku uliopita tu, na tayari nilikuwa nimemkasirikia mwalimu mwenzangu asiye na hatia.

Katikati ya ua kuna mabaki ya kanisa. Hapo nilikaa kwenye kivuli kwa muda, upepo wa kaskazi ukiingia kutoka baharini, nikawaza juu ya neno gereza, ambalo wataalamu hulihusisha na jina la Kireno la kanisa. Waliolipokea neno hilo walikuwa wakiitazama ngome yenye kanisa ndani yake. Waingereza walipoigeuza ngome ile kuwa jela, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, ni kama walilifuata neno hadi lilikokuwa limekwisha kufika. Niliandika jambo hilo katika daftari, chini ya orodha ya hoteli. Ndilo jambo pekee lililoandikwa humo siku ile kabla ya alasiri.

Saa nane na dakika kumi nilikuwa tena kizingitini pa ile hoteli ya pili. Viti vilikuwa vimeshushwa, feni zinazunguka, na kijana yule yule akanikaribisha kwa furaha. Niliagiza biriani. Akaniambia biriani imekwisha. Siku ya Ijumaa, alisema, watu hutuma watoto na mabakuli mapema, na wengine wote hupika majumbani mwao. Samaki wa kupaka? Huyo ni wa usiku. Mishkaki? Mkaa huwashwa baada ya magharibi. Mkate wa mofa pia jioni. Kilichokuwapo ni maji ya ukwaju, na nilikunywa gilasi mbili zenye barafu, nikamshukuru, nikatoka nikiwa nimeielewa orodha yangu kwa mara ya kwanza: hoteli saba zile hazikuwa mahali saba, zilikuwa nyakati saba.

Aliyeniokoa alikuwa mama mmoja aliyeketi kwenye kibaraza cha nyumba yake baada ya sala ya alasiri, katika kichochoro kisichokuwa na kibao chochote, na ambaye hakuwamo katika orodha ya mtu. Mbele yake palikuwa na jiko la mkaa, karai la mafuta, na sufuria ya viazi vilivyokwisha kuchemshwa na kumenywa. Alikitumbukiza kila kiazi katika ujiuji wa unga wenye rangi ya manjano, akakigeuza kwa vidole viwili hadi kikavaa unga pande zote, akakiachia ukingoni mwa karai ili kiteleze chenyewe bila ya kurusha mafuta. Vilipopanda juu alivigonga kwa ncha ya mwiko. Aliyeijua sauti aliyoitaka ni yeye tu, kwani kwangu zote zilikuwa moja, lakini vingine alivitoa na vingine akaviacha. Kisha akavipasua, akavimwagia ukwaju mzito wenye pilipili, akanikabidhi katika karatasi. Nililipa shilingi 50, nikala nimesimama, nikaungua ulimi, nikalipa tena. Nilipokuwa nikisubiri fungu la pili nilimkumbuka yule mzee wa hekaluni, umbali wa mitaa michache tu, ambaye kwake kiazi hiki kilikuwa mauti. Mama alinitazama akicheka.

"Kwani kwenu hamna viazi?"

"Vipo, mama. Vya aina hii havipo."

Kuanzia hapo mji ulifunguka wenyewe, kwa utaratibu wake. Mtaa mmoja ulitoa bajia, mwingine kachiri za mhogo. Karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao mnara wake umechongoka juu na ambao umesaliwa tangu karne ya 16, muuza kahawa alipita akiligonganisha pamoja lundo la vikombe vidogo mkononi, na dele la shaba likining'inia mkono wa pili, makaa yakiwaka chini yake. Wazee waliokaa kwenye baraza walijisogeza. Nilisita, kwa kuwa sikumwona mwanamke mwingine, lakini mmoja wao alinyoosha mkono akasema, "Keti, mwanangu, kahawa haina mwenyewe." Ilikuwa chungu, ina tangawizi, na iliandamana na kipande cha haluwa, ambayo wazee wale walibishana kama iliyo bora ni ya Mombasa au ya Maskati, kwa ukali wa watu ambao wamebishana hivyo kila jioni kwa miaka na hawana nia ya kumaliza.

Nilirudi Kibokoni baada ya isha. Mishkaki niliyoila njiani sitaihesabu. Rafiki yangu alikuwa amekwisha lala, taa ya chumba cha chakula ilikuwa bado inawaka, na Khalati alikuwa amekaa mezani peke yake, leso begani, mbele ya makawa mawili. Aliinua la kwanza: mahamri yangu ya asubuhi, manne, kama nilivyoyaacha. Aliinua la pili: sahani ya biriani, wali upande mmoja na masala ya mbuzi upande mwingine, iliyotengwa mchana kabla ya mtu yeyote wa nyumba ile kuanza kula.

"Una ndaa?" aliniuliza.

Safari hii nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimeshiba hadi kooni.

"Ninayo, Khalati," nikasema, nikaenda kunawa mikono.