Jinsi nilivyoifanya PSP yangu isome diski tena

PSP yangu, mashine ya gemu ya kubebwa mkononi, ni ya toleo la kwanza, ile PSP-1000 ambayo Sony iliiingiza sokoni nchini Japani Desemba 2004. Niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na diski tatu: mbili za gemu na moja ya filamu. Mashine iliwaka vizuri, kioo chake hakikuwa na doa, betri ilikaa na chaji, na gemu ndogo niliyoihifadhi kwenye memori kadi ilicheza bila kukwama hata mara moja. Kasoro ilikuwa moja tu: nikitia diski yoyote kati ya zile tatu, menyu ilibaki kama ilivyokuwa, bila picha ya gemu na bila ujumbe wowote wa kueleza kilichotokea.

Fundi mmoja wa Kariakoo aliipokea, akaitia diski, akaisikiliza kidogo, kisha akanirudishia. “Lenzi hiyo imekufa, kaka. Tafuta nyingine,” akasema. Huenda angekuwa sahihi, kwa kuwa leza za mashine hizi, yaani mwanga unaopita kwenye lenzi kuisoma diski, hudhoofika kadiri miaka inavyopita, lakini sikuona sababu ya kununua kifaa kipya kabla ya kujua kosa liko wapi. Ili diski isomwe, lazima mota iizungushe, lenzi ipande na kushuka kidogo kidogo hadi ipate fokasi, kigari kilichobeba lenzi kisogee kutoka katikati ya diski kuelekea ukingoni, na taarifa zipite kwenye utepe wa nyaya hadi ubao mkuu. Kimoja tu kikishindwa, mwenye mashine anaona menyu tupu ileile. Kwa hiyo niliamua kuvikagua kimoja kimoja, nikianza na kile kisichohitaji bisibisi.

Nilihakikisha kwanza kwamba mlango wa diski unafunga sawasawa, maana mashine ikihisi uko wazi haiizungushi diski hata kidogo. Mlango haukuwa na tatizo. Usiku, nyumba ilipotulia, nilitia diski ya kwanza na kuweka sikio nyuma ya mashine, nikasikia mkwaruzo wa plastiki kwa plastiki, kisha kimya. Diski ya pili haikukwaruza: ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena, ikaacha. Tofauti hiyo ilinifaa sana, kwa kuwa mashine yenye kosa moja isingetoa sauti mbili tofauti, na ikanibidi niiangalie diski ya kwanza yenyewe.

Diski za PSP, zinazoitwa UMD, zina kipenyo cha milimita 60 na huweza kubeba hadi gigabaiti 1.8. Kila moja hukaa ndani ya ganda lake la plastiki ambalo halikusudiwi kufunguliwa. Upande wa picha una dirisha angavu lililobandikwa kwenye fremu, na gundi hiyo ikichoka dirisha huachia upande mmoja, umbo la ganda likapotea, na diski ikaanza kusugua ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa diski yangu: nilipoibonyeza ukingoni kwa kidole gumba niliona dirisha likishuka na kuinuka. Nilichovya ncha ya pini kwenye supagluu, nikagusisha vitone vidogo hapa na pale kwenye ukingo, nikakandamiza na kuiacha ikauke kabisa. Anayetaka kufanya hivyo atumie gundi kidogo kuliko anavyodhani inatosha, kwa sababu mvuke wa supagluu huacha weupe kwenye plastiki angavu, na tone likiigusa diski yenyewe, mchezo umekwisha. Baada ya hapo diski ya kwanza ilizunguka bila mkwaruzo, ingawa bado haikusomwa. Angalau sasa zote mbili zilikuwa na tabia moja.

Nikahamia kwenye lenzi. Upande wa chini wa ganda la UMD una uwazi ambao leza hupitia, na uwazi huo hauna kifuniko cha kujifunga diski inapotolewa. Nauona huo ni upungufu mkubwa wa usanifu kwa kifaa cha kubebwa mfukoni na kwenye begi. Vumbi linaloingia humo huishia kwenye lenzi. Nilitoa betri, nikafungua mlango na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni, nikaona utando wa kijivu mfano wa ukungu kwenye kioo cha miwani, ambao ukimulika kutoka juu moja kwa moja huuoni. Nilitumia pombe ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu husafishia bodi, nikaiweka kwenye pamba ya kijiti kiasi cha kulowanisha tu bila kudondoka, nikazungusha juu ya lenzi kwa wepesi. Lenzi hiyo inaning’inia kwenye nyaya nyembamba mno zinazoiwezesha kupanda na kushuka, na ukiikandamiza unaweza kuzipinda nyaya hizo, hapo ndipo utahitaji lenzi mpya kwelikweli. Nilipuuza kabisa ushauri niliowahi kupewa wa kupuliza kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu, na mate hayakosi.

Ilipokauka nilirudisha betri na kutia diski ya pili. Picha ya gemu ikatokea kwenye menyu, muziki ukaanza, nami nikacheza hadi sehemu ambapo gemu ilitakiwa kufungua uwanja mpya, hapo ikaganda. Nilijaribu tena na ikaganda palepale. Wengi wangesema lenzi bado ni dhaifu, lakini mimi niliwaza tofauti. Diski huanza kusomwa kutoka ndani kwenda nje, na mashine inayosoma mwanzo vizuri kisha ikashindwa mahali palepale ina leza inayoona, ila huenda haifiki inakotakiwa kwenda. Diski haikuwa na mchubuko unaoonekana, kwa hiyo nilishuku kigari.

Hapo ndipo bisibisi ndogo ya nyota ilipohitajika. Baadhi ya skrubu za PSP-1000 zimefichwa chini ya stika ndani ya chumba cha betri, na kwa kuwa urefu wake haulingani, nilichora umbo la mashine kwenye karatasi na kuzibandika kwa selotepu mahali pake. Nilitoa uso wa mbele, nikainua kioo taratibu huku nikifungua vibanio vya tepe zake kwa kucha, nikaendelea hadi sehemu ya diski. Kigari hutembea juu ya vijiti vya chuma kikisukumwa na mota yenye mhimili wa skrubu. Nilipouzungusha mhimili huo kwa kidole kilitembea vizuri mwanzoni, lakini kadiri kilivyokaribia ukingo wa nje kilizidi kuwa kizito, na kwenye vijiti palikuwa na grisi ya zamani iliyoganda pamoja na vumbi na unywele. Nilifuta yote kwa pamba na pombe, nikapaka grisi nyeupe isiyodhuru plastiki, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Mafuta ya kupuliza sikuyagusa, kwa sababu yangerukia kwenye lenzi niliyotoka kuisafisha. Kabla ya kufunga nilichomoa utepe wa nyaya wa leza na kuuchomeka upya.

Gemu iliyokuwa ikiganda ilipita pale na kuendelea, na ile ya ganda lililobandikwa ikafunguka nayo. Ilibaki diski ya filamu, ambayo hapo awali haikusomwa sawa na zile nyingine. Safari hii mashine iliitambua ila ikakataa kuicheza, kwa kuwa filamu za UMD, tofauti na gemu nyingi za PSP, hufungwa kwa namba ya kanda, yaani eneo la dunia zinakokusudiwa kuuzwa, na namba iliyo kwenye kasha la filamu yangu si ya kanda ya mashine hii. Ili iikatae kwa sababu hiyo, ilibidi kwanza iisome.