Tundu dogo chini ya pampu

Kwa wiki tatu nilikuwa nafurahi kwamba gari halili oili. Kila Jumapili asubuhi nachomoa kijiti cha kupimia oili, napangusa, narudisha, nachomoa tena: oili ipo palepale kwenye alama ya juu. Jumapili ya nne ikawa imepita alama. Hapo furaha ikaniisha, maana oili haijiongezi yenyewe. Nikapeleka kijiti puani. Petroli.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA, injini ya petroli ya cc 2286, silinda nne. Pampu yake ya mafuta haina waya hata mmoja. Imefungwa ubavuni mwa injini, na mkono wake umeingia ndani hadi kwenye kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaofungua valvu za injini. Kemshafti ikizunguka inausukuma mkono, mkono unaivuta chini daiframu, utando mwembamba ulio ndani ya pampu, na petroli inanyonywa kutoka tangini. Wengi hudhani mkono huohuo ndio unaoipeleka petroli kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Sivyo. Kazi hiyo ni ya springi iliyokaa chini ya daiframu. Kabureta ikijaa, sindano yake hufunga njia, daiframu hubaki chini na springi imebanwa, nao mkono huendelea kucheza bila kuvuta kitu mpaka kabureta ihitaji tena. Pampu inajua ipeleke kiasi gani, na hakuna anayeiambia. Nimeishika mkononi mara nyingi na bado naistaajabia.

Daiframu ikitoboka, petroli huvujia upande wa chini. Huko kuna tundu dogo, jembamba kuliko penseli, lililowekwa makusudi ili petroli itoke nje na mwenye gari aone. Tundu langu sikuwahi kulitazama. Nilipolala chini na tochi nikakuta limezibwa na vumbi lililokandwa na oili mpaka likawa gumu kama lami. Petroli ilipokosa mlango ikafuata mkono wa pampu na kuingia kwenye oili ya injini. Hilo ndilo lililoniuma. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, haishiki kwenye beringi, na mimi nilikuwa nimeliendesha hivyo kwa wiki kadhaa.

Nilingoja injini ipoe kabisa, nikachomoa betri, nikaziba bomba la kutoka tangini kwa bolti iliyoenea vizuri, kisha nikafungua nati mbili na kuitoa pampu. Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilichora alama kwa tupa, mstari mmoja unaopita kipande cha juu na cha chini. Ukisahau mstari huo, utaifunga pampu huku matundu ya mabomba yanatazama pasipo pake.

Daiframu ilitoka kwa kuibonyeza na kuizungusha robo. Niliiinua juani. Ni tabaka za kitambaa kilichoshibishwa mpira, na pembeni kidogo ya sahani ya katikati mpira ulikuwa umepasuka kwa mstari mfupi kama ukucha. Ukiikunja, mstari unafumbuka. Ukiiachia, unajifumba usiuone. Mpira wa zamani haukutengenezwa kwa petroli iliyochanganywa ethanoli, na petroli ya namna hiyo huula taratibu. Ukinunua vipuri vya kufanyia matengenezo, uliza kwanza kama daiframu yake inavumilia ethanoli, kisha ndiyo utoe hela.

Kipande cha juu kilikuwa kimepinda kwenye midomo, karibu na matundu ya skrubu, kwa sababu kuna aliyekaza kwa nguvu zake zote miaka mingi iliyopita. Nililaza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikakisugua kipande kwa kukizungusha polepole mpaka uso wote ukang'aa sawasawa. Ilichukua karibu saa nzima. Valvu mbili nilizipima kwa mdomo baada ya kuzisafisha vizuri: kila moja ipitishe pumzi upande mmoja na kuikataa upande wa pili. Zinafanana kabisa, ila moja inatazama juu na nyingine chini, kwa hiyo usizitoe zote kwa pamoja.

Kwenye kufunga ndipo nilipoharibu pampu yangu ya kwanza miaka iliyopita. Niliilaza daiframu, nikakaza skrubu zote, nikaridhika. Haikudumu. Nilipompigia mzee aliyenifundisha kazi, nikamwamkia, akaniitikia na kuuliza swali moja tu: "Mwanangu, mkono uliubonyeza?" Sikuubonyeza. Ukikaza daiframu ikiwa imekaa juu, mkono utakapoivuta mpaka chini hautakuta nafasi iliyolegea. Utauvuta mpira wenyewe, safari maelfu kila siku, mpaka uchanike.

Safari hii niliingiza skrubu zote kwa vidole, nikaubonyeza mkono hadi mwisho na kuushikilia hapo kwa kiganja cha kushoto, ndipo nikaanza kukaza kwa kulia, moja huku, inayoikabili kule, kidogokidogo. Kidole gumba kilikufa ganzi. Sikuachia mpaka skrubu ya sita.

Oili niliimwaga yote, na filta nikabadilisha, kabla hata ya kuwaza kuwasha. Tundu la chini nililizibua kwa waya mwembamba. Pampu ilipokaa mahali pake nikaanza kuvuta kile kimkono cha nje cha kujazia petroli kwa mkono. Kilikuwa kimelegea, hakivuti chochote. Usiogope likikukuta hilo: kemshafti imesimama mahali ambapo imeshaisukuma pampu. Niliizungusha injini mzunguko mmoja kwa hendeli ya kuwashia kwa mkono, nikajaribu tena, na sasa kikawa kizito mkononi.

Petroli ikaingia kwenye kikombe cha kioo cha pampu, kwanza na mapovu, kisha safi, ikapanda mpaka juu. Nikawasha, nikaliacha gari liungurume dakika ishirini na karatasi nyeupe nimeitandika chini ya tundu. Karatasi ninayo hapa mezani. Ni kavu.